Miaka Yangu ya Kupima Uchovu wa Wachukuzi

Nyinyi mnaoshika sasa funguo za nyumba ya dawa ya bandarini Kismayu mmeniomba niandike kazi ilikuwaje zamani. Tangu nistaafu sina shughuli ila kumsumbua mke wangu jikoni, naye ndiye wa kwanza kuniambia nikubali. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na lini, sitaandika, kwa sababu waliopandishwa wangali hai na hawajaacha kutusimulia. Nitaandika jinsi tulivyowapima watu waliochoka. Kazi hiyo niliifanya vizuri na najivunia mpaka leo, ila kuna wakati niliifanya vibaya, na huo nitauandika pia.

Niliingia kazini enzi za Wataliani, nikiwa kijana wa Kibajuni niliyetoka visiwani na kuoa mjini. Aliyenipokea ni Adan, mwuguzi mkubwa, Msomali mrefu mwenye mkono mwepesi wa kufunga jeraha na ulimi mzito wa kusifu. Siku ya kwanza alinipa beseni la bandeji nifue. Nilipomaliza akanipeleka gatini, akaniketisha juu ya gunia tupu mahali wachukuzi walipopita na mikungu ya ndizi kuelekea kwenye matishari. Akaniambia nikae hapo mpaka adhuhuri.

"Nitazame nini?" nikamwuliza.

"Waryaa, wewe kijana, usitazame nyuso. Hapa kila mtu ana uso wa shida, hata kapo aliyekaa kivulini. Tazama visigino."

Kapo ndiye Mtaliani aliyesimamia wachukuzi. Nikatazama visigino mpaka macho yakaniuma. Adan aliporudi nilimwambia kwamba watu watatu walikuwa wameacha kuinua visigino na walikuwa wakiburura miguu. Akauliza ni nani. Nikamwonyesha. Akawaita, akawapa maji yenye chumvi kidogo na tende mbilimbili, akawaambia watembee polepole badala ya kuchutama. Hakunisifu, lakini kesho yake hakunipa bandeji za kufua, nami nikaelewa.

Kwa Adan nilijifunza mambo ambayo hayakuwa katika vitabu vya dotore, yaani daktari wa Kitaliani. Mtu mzima aliyechoka huanza kubadilisha bega kabla ya wakati wake. Kidole gumba humtetemeka akishika kikombe. Akijibu salamu, hujibu nusu. Jasho likimtoka usihofu sana, bali hofu likikauka ilhali jua lingalipo. Mguu ukimbana, usimmwagie maji baridi wala usimpige makofi kama wafanyavyo wenzake kwa kumpenda. Mnyooshe goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwake, mwache alaani anavyotaka mpaka nyama ilegee. Nimelaaniwa kwa Kisomali, Kibajuni na Kiarabu, na mara moja kwa Kitaliani, alipobanwa kapo mwenyewe akishuka ngazi ya tishari.

Nilijifunza pia kwamba mwili hujua kazi uliyoizoea, na kazi nyingine huishangaa. Mvuvi anayeweza kuvuta makasia tangu alfajiri hadi jua kichwani alikuja gatini na mgongo wake mzuri, na siku ya pili mashavu ya miguu yakamwuma hata hawezi kukaa chooni. Huyo hakuwa mgonjwa. Tulimpa mizigo miepesi juma moja, akaja kuwashinda wote. Kulikuwa na karani mmoja wa forodha, mtu wa kukaa, ambaye aliwacheka wachukuzi akasema mkungu mmoja ni mzigo wa mtoto. Akaubeba, akaufikisha, akapigiwa makofi. Kisha kwa siku tatu hakuweza kuinua kalamu. Adan alimkanda kwa mafuta ya ufuta na hakumwuliza kitu, ila kila alipobonyeza alibonyeza kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Mwaka wangu wa tatu alikuja dotore mpya, Mtaliani mwembamba, msafi, mwenye haki kwa namna yake, lakini aliamini saa yake ya mfukoni kuliko macho ya mtu. Alitaka kila kikosi cha wachukuzi kipimwe Jumamosi asubuhi kabla ya kazi. Kipimo chenyewe kilikuwa mkebe wa mchanga wenye mshipi. Mtu alisimama ukutani, akanyoosha mkono ubavuni usawa wa bega, mkebe ukaning'inizwa kwenye kifundo, dotore akatazama saa. Mkono ukishuka, alitaja namba, nami nikaiandika katika kitabu kikubwa chenye mistari. Jina, umri wa kukisia, kazi, muda wa mkono. Safu ya mwisho ilikuwa ya maoni, na hiyo dotore aliniachia mimi, maana nilikuwa nimejifunza kuandika maneno matatu ya lugha yake: forte, yaani mwenye nguvu, debole, yaani dhaifu, na pigro, yaani mvivu. Dhaifu alipewa kazi nyepesi na dawa. Mvivu akiandikwa mara tatu, kapo alimfuta katika orodha ya bandari, na hakurudishwa tena.

Nawaambia kweli, nililipenda lile daftari. Kijana wa kisiwani kuketi mezani, wanaume wenye ndevu wamesimama mbele yake wakingoja kalamu yake, si jambo dogo. Mwanaesha, mke wangu, aliona nilivyokuwa nikirudi nyumbani nimetanua mabega Jumamosi, akaniuliza, "Sisi wanawake hatupimwi? Kutwanga na kuchanja kuni hakumo katika kitabu chako?" Nikacheka. Nilidhani ni mzaha tu.

Msimu huo walikuja watu watano wa kisiwa cha Kudhaa. Mkubwa wao alikuwa mzee Lali, mdogo wa baba yake Mwanaesha, kwa hiyo sisi sote tulimwita Ami Lali. Mashua yao ilikuwa imevunjika mkuku, ule uti wake wa chini, mwambani, haitengenezeki, na nyumba tano kule kisiwani zilikuwa zinakula kwa mashua hiyo moja. Wakaja Kismayu wafanye kazi gatini mpaka wapate mbao na tanga la mashua mpya. Walikaa kwa jamaa, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Ami Lali mwenyewe alilala kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Walikuwa na mabega ya kupigiwa mfano. Nilipowaona wamejipanga ukutani Jumamosi ya kwanza nilijisikia fahari, nikamwambia dotore kwa Kitaliani changu cha kuokoteza kwamba hawa ni watu wa kwetu, atazame. Akatazama. Mkono wa kwanza ukashuka haraka. Wa pili ukashuka upesi zaidi. Ami Lali alijitahidi, mshipa ukamtoka shingoni, kisha mkebe ukamgonga paja. Dotore akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Niliwauliza, kama Adan alivyonifundisha, mmefanya kazi gani asubuhi hii kabla ya kuja?

"Hakuna," akasema Ami Lali.

"Hata kidogo?"

"Hakuna kichu, mwanangu. Tumeswali, tumekuja."

Homa hawakuwa nayo. Macho meupe, ulimi safi, chakula walikula. Dhaifu sikuweza kuwaandika kwa mabega yale. Na moyoni niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimewasifu, na niliogopa dotore asije akasema nawapendelea ndugu zangu. Basi nikawa mkali kwao kuliko nilivyokuwa kwa wageni. Niliandika pigro mara tano, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Gatini nako mmoja wao alikuwa ameangusha mkungu, na ndizi ikichubuka meli haiitaki. Nikaandika tena. Adan alikuwa amekwenda kwao Afmadow kumzika kaka yake, na labda angekuwepo angenishika mkono. Labda. Sipendi kumsingizia mtu wema ambao hakupata nafasi ya kuufanya.

Jumatano iliyofuata kapo alikuja nyumba ya dawa akaweka kidole juu ya yale majina matano. Akasema bado mara moja tu, Jumamosi, kisha anawatoa, ana watu wengine wanangoja. Nilirudi nyumbani adhuhuri nimekasirika. Mwanaesha alikuja na beseni na birika aninawishe kabla ya kula, nami nikaanza kusema huku nimenyoosha mikono. Nikasema jamaa zake wa Kudhaa wananitia aibu, wana miili ya ng'ombe na kazi ya kuku, na Jumamosi wataondoka warudi kwao bila hata ubao mmoja.

Aliacha kumimina.

"Mai haya unaonawa," akasema, "yameletwa ni nani?"

"Na punda wa maji."

"Punda! Huyo punda wako ni ami yangu Lali."

Nikabaki na mikono inayodondoka maji. Akanieleza, na alinieleza kwa shida, kwa sababu kwetu jambo hilo halisemwi. Mgeni wa kisiwani akilala kwa jamaa zake mjini hali bure. Huchota maji. Na hao watano hawakuchota ya nyumba walizolala tu, walichota ya jamaa wote, nyumba sita. Visima vya maji matamu vilikuwa nje ya mji, nyuma ya vilima vya mchanga. Waliamka kabla ya adhana, kila mmoja na mzega wake, ule mti wa begani wenye debe mbele na debe nyuma, wakaenda na kurudi katika mchanga unaozamisha mguu hadi kifundo. Waliingia kwa milango ya uani, wakajaza mitungi, wakatoka bila kubisha. Mimi wakati huo nilikuwa msikitini, na kutoka msikitini nilikwenda moja kwa moja kazini. Ndipo jua lilipochomoza wao wakaja kusimama ukutani, na mimi nikawatundikia mkebe wa mchanga kwenye mikono iliyokwisha kufanya kazi ya nusu siku.

Mwenyeji hasemi, mgeni hasemi. Mimi nilizaliwa katika desturi hiyo na baba yangu alichota maji ya watu Kismayu kabla sijazaliwa. Mtaliani asingejua. Msomali wa bara asingejua. Mimi nilitakiwa nijue, nami ndiye niliyeuliza na kuamini jibu ambalo Mbajuni yeyote mwenye adabu angelitoa. Sikula siku ile.

Nilimkuta Ami Lali baada ya alasiri ameketi barazani kwa dada yake, amejinyoosha miguu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Kukwambia nini? Weye uliuliza kazi. Kazi ni ya bandarini. Mai ya nyumbani kwa mwanangu Mwanaesha si kazi. Mchu alale kwa wachu, ale kwa wachu, kisha asubuhi akae akingoja chai?"

"Ami, Jumamosi watawatoa. Nitamweleza dotore."

Akakaa wima. "Usinene. Ukimwambia Mtaliani kuwa mke wako huchotewa mai ni wageni, miye hukuniokoa, na yeye umemvunja uso. Mashua itapatikana. Uso ukivunjika haupati fundi."

"Basi pumzikeni siku tatu."

"Na mitungi?"

Nikarudi kwa Mwanaesha, na yeye ndiye aliyepata jibu, wala hakufikiri muda mrefu. Alijitanda buibui lake, akanishika mkono mpaka barazani, akasimama mbele ya yule mzee.

"Ami," akasema, "huyu ni mkweo. Tangu aniowe hajakuhudumia hata siku moya. Ataka haki yake. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mai ya nyumba zote sita ni yake. Ukimkataza, utakuwa umemkataa ukwe."

Ami Lali alimtazama, akanitazama mimi, hasa mabega yangu, ambayo tangu aje dotore yalikuwa yamebeba kitabu tu. Akacheka mpaka akakohoa. Lakini mkwe hakataliwi kumhudumia baba wa mke, na hilo nalo ni desturi. Akanipa mzega wake.

Sitawasumbua na habari ya Alhamisi. Nitasema tu kwamba mti wa mzega una pande mbili, na mtu asiyeuzoea huona zote mbaya. Safari ya kwanza nilimwaga nusu. Ya nne niliacha kuhesabu hatua. Nilihisi nyama ya shingo inawaka, halafu mkono wote ukawa si wangu. Mimi niliyejua dalili zote za uchovu niliziona zote kwangu kwa mpangilio ule ule aliofundisha Adan, hata kidole gumba. Ijumaa niliamka siwezi kugeuza kichwa. Mwanaesha alinifunga kitambaa cha moto, akanitoa mlangoni kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo. Jumamosi nilijaza mtungi wa mwisho jua linachomoza, nikanawa uso, nikaenda kazini.

Wale watano walikuwa wamejipanga ukutani. Kapo alikuwapo na orodha yake. Dotore akatoa saa, nikatundika mkebe kwenye kifundo cha mtu wa kwanza. Mkono ukakaa. Ukakaa mpaka kapo akaanza kujikuna. Wa pili akakaa zaidi. Ami Lali, aliyekuwa na mvi hadi kifuani, alinyoosha mkono wake akautazama ukuta wa pili kama mtu anayengoja wali uive, na dotore akaitikisa saa yake, akaiweka sikioni asikie kama inakwenda.

Walipokwisha wote, dotore alinigeukia. Hakufurahi, maana mtu wa saa hapendi mambo ya ghafla. Akauliza nimewapa dawa gani.

"Hakuna dawa, dotore. Nipime na mimi."

Kapo alicheka. Dotore hakucheka. Akachukua mkebe mwenyewe, akanifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilitaka nikaze angalau kwa heshima ya koti langu jeupe. Mkono ulianza kutetemeka hapo hapo, ukashuka, mkebe ukapiga meza, mchanga ukamwagika juu ya kitabu. Muda wangu ulikuwa mfupi kuliko wa mtu yeyote tuliyempima msimu ule, hata mpishi mmoja mwenye kifua kikuu.

Dotore alinitazama bega. Alivuta koti kidogo, akaona lilivyovimba na ngozi ilivyochubuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje Kismayu nilimsikia akiuliza lile swali ambalo mimi nililiuliza bila kulielewa.

"Umefanya nini kabla ya kuja?"

"Nimechota maji. Nyumba sita, siku tatu." Nilisema yangu tu. Maji yangu yalikuwa yangu kuyataja, sikuvunja uso wa mtu.

"Na kabla ya siku hizo tatu," akauliza polepole, "nani alichota?"

Nikaufungua mshipi wa mkebe. Ami Lali akatazama sakafu, na wenzake wanne wakatazama sakafu. Dotore alikuwa mtu wa namba, lakini hakuwa mjinga. Akawatazama wale watano, akatazama bega langu, akaifunga saa yake.

"Andika," akaniambia.

Nikapangusa mchanga. Niliandika jina langu chini ya majina yao, nikaandika umri, kazi, na muda ule wa aibu. Nilipofika safu ya mwisho niliandika kwa herufi kubwa, ili kapo naye aone: pigro. Kisha nikampa dotore kalamu.

Alisoma. Akachukua rula, akalipiga neno langu mstari mmoja. Akafungua kurasa za nyuma, akapiga mistari mingine kumi, mmoja mmoja, na kapo alisimama pale mpaka wa mwisho. Halafu, kando ya safu ya muda wa mkono, akachora safu mpya, akaniambia nitafute jina lake. Nikaiita "kabla". Kuanzia Jumatatu watu wa Kudhaa wakawekwa zamu ya baada ya adhuhuri, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Safu ile mliyoikuta katika vitabu vyenu, mnayolalamika kwamba inachukua nafasi, imetoka hapo. Nimeijaza kwa miaka yangu yote iliyobaki, na hakuna mtu mwingine aliyefutwa orodhani kwa kalamu yangu kabla sijajua ametoka wapi asubuhi. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo ninayoitajia watoto wangu.

Lakini asubuhi ile ilikuwa bado haijaisha. Dotore na kapo walipotoka, wale wanne wakaenda zao. Ami Lali alibaki. Nilitaka kumwomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kisimani.

"Ami, niliandika kuwa nyinyi..."

"Lala," akasema.

"Wagonjwa wanakuja."

"Mgonjwa ameshakuja. Lala hapo."

Nikalala kifudifudi juu ya benchi la nyumba ya dawa, nikiwa na koti langu jeupe. Alilishusha mpaka kiunoni, akachukua chupa ya Adan ya mafuta ya ufuta dirishani, akatafuta kwa kidole gumba pale panaponiuma, wala hakukosea. Akanikanda polepole, kwa mikono ile ile niliyoiandika mara mbili. Nikalia, na nikamwambia ni maumivu.

"Najua," akasema, akaendelea kunikanda.